Sabuni ya Kufulia ya Mafuta ya Mimea: Tuitengeneze kwa Uangalifu, Tusiimwage Ziwani



Leo katika safu yetu ya afya tutajifunza juu ya sabuni ya kufulia. Tutajifunza mambo matatu. Kwanza, sabuni huondoaje uchafu. Pili, jinsi ya kutengeneza sabuni kijijini kwa mafuta ya mimea bila kuumia. Tatu, mahali pa kufulia na mahali pa kumwaga maji ya mapovu. Jambo hili la tatu tunalisahau mara nyingi, lakini ndilo linalotuletea ugonjwa.

Wewe uliye Kiriba, Mugango au kijiji kingine cha karibu na ziwa, tazama ukingoni asubuhi. Mmoja anafua. Mwingine anaosha vyombo. Watoto wanaoga. Hatua chache kutoka hapo, mtu anateka ndoo ya maji ya kunywa. Mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama nao huvuta maji katika ziwa hili hili. Kwa hiyo hata mtu anayeishi mbali na ukingo anakunywa maji ya Ziwa Viktoria.

Ziwa hili ni kubwa. Lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kwa sababu ya ukubwa huo, watu hudhani kwamba uchafu wao utapotea humo. Lakini sisi hatutumii ziwa lote. Tunatumia ukingo tu, penye majani na konokono, ambapo maji ni machache na hayaendi mbali. Uchafu tunaoumwaga pale tunakutana nao kesho yake.

SABUNI HUONDOAJE UCHAFU?

Maji na mafuta hayapatani. Ukimwaga mafuta ndani ya maji, yataelea juu. Uchafu wa nguo mara nyingi umeshikwa na mafuta: jasho, mafuta ya kupikia, mafuta ya samaki. Ndiyo maana maji peke yake hayatoshi kuuondoa.

Sabuni ni kama mshenga kati ya pande mbili zisizosemezana. Kila chembe ndogo ya sabuni ina ncha mbili. Ncha moja inapenda maji. Ncha nyingine inapenda mafuta. Ncha inayopenda mafuta hushika uchafu, na ncha inayopenda maji huuvuta utoke katika nguo. Ukisuuza, uchafu unakwenda na maji.

Maji ya mvua na maji ya ziwa letu ni laini. Sabuni hutoa povu upesi katika maji hayo. Maji ya visima vingi ni magumu kwa sababu yana chokaa ndani yake. Chokaa hushika sabuni na kuifanya utando mweupe, nawe unatumia sabuni nyingi bila faida. Kama maji ya kisima chako ni magumu, kinga maji ya mvua kwa ajili ya kufulia.

SABUNI HUTOKANA NA NINI?

Sabuni hutokana na vitu viwili: mafuta, na dawa kali inayoyageuza mafuta hayo. Kigoma watu hutumia mawese. Pwani hutumia mafuta ya nazi. Hapa Mara tunalima pamba, na mbegu zake zina mafuta. Mafuta ya alizeti pia yanafaa.

Mawese hutoa sabuni ngumu. Mafuta ya pamba na ya alizeti hutoa sabuni laini inayokwisha upesi. Kwa hiyo ni vizuri kuyachanganya: mawese sehemu tatu, na mafuta ya pamba au alizeti sehemu mbili.

Dawa kali inayotumika inaitwa kostiki soda, au kostiki kwa kifupi. Zamani watu walichuja maji katika majivu, wakachemsha maji hayo pamoja na mafuta. Sabuni ya majivu huwa laini kama uji mzito. Kostiki hutoa sabuni ngumu ya mche.

Hapa sharti tuelewane vizuri. Watu wengine huita kostiki "magadi" au "magadi soda". Jina hili linaweza kuleta msiba. Magadi ya kulainishia maharage ni kitu kingine kabisa. Kostiki huunguza ngozi, hupofusha macho, na mtoto akiimeza huunguza koo na njia ya chakula. Mtoto aliyeunguzwa hivyo anaweza kupona, lakini njia yake ya chakula ikabaki nyembamba, akashindwa kumeza hata ugali. Kwa hiyo nyumbani kwako usiiite magadi. Iite kostiki, na uifundishe nyumba nzima jina hilo.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Ni bora kufanya kazi hii kwa kikundi, kwa sababu mzani ni mmoja na mafuta ni ghali. Tayarisheni vitu hivi:

1. Mafuta kilo 5. Kwa mfano, mawese kilo 3 na alizeti kilo 2.
2. Kostiki gramu 650.
3. Maji safi lita 1 na robo tatu. Maji ya mvua ndiyo bora.
4. Mzani wa dukani pamoja na mawe yake.
5. Ndoo mbili za plastiki nene. Sufuria ya chuma pia inafaa.
6. Mwiko mrefu wa mti, usiotumika tena kupikia.
7. Sanduku la mbao lililotandikwa nailoni ndani.
8. Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, viatu vya kufunika miguu, na nguo ya mikono mirefu.

Msitumie sufuria ya alumini, yaani hizi nyeupe nyepesi tunazopikia kila siku. Kostiki hula alumini, na hewa inayotoka hapo inaweza kuwaka moto.

Pimeni kila kitu kwa mzani, hata mafuta. Mafuta huuzwa kwa lita, lakini lita moja ya mafuta haifiki kilo moja. Ina gramu 920 hivi. Lita 5 ni kilo 4 na gramu 600 tu. Mkiweka kostiki ya kilo 5 katika mafuta ya lita 5, kostiki inaweza kuzidi. Kostiki iliyozidi hubaki ndani ya sabuni, nayo itaunguza mikono ya mfuaji. Kipimo cha gramu 650 tulichotoa kinaacha mafuta kidogo yasiyogeuzwa. Tumefanya hivyo makusudi, ili sabuni isiwe kali.

Kipimo hiki ni cha mawese, pamba na alizeti. Mafuta ya nazi yana kipimo chake kingine, hivyo msiyaweke hapa.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Fanyeni kazi nje, mahali penye hewa. Watoto, kuku na mbuzi wawe mbali. Wekeni karibu ndoo kubwa ya maji safi kwa ajili ya ajali. Kisha fuateni hatua hizi:

Hatua ya kwanza. Vaeni glavu, miwani na viatu kabla ya kufungua kostiki.

Hatua ya pili. Mimina maji lita 1 na robo tatu ndani ya ndoo. Tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kumbuka: kostiki huingia katika maji. Usimimine maji juu ya kostiki. Ukifanya hivyo itachemka ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifuata njia sahihi, maji yatapata moto sana na kutoa mvuke. Simama upande unakotoka upepo, usivute mvuke huo.

Hatua ya tatu. Acha maji ya kostiki yapoe mpaka yawe vuguvugu. Mtu mmoja akae karibu na ndoo muda wote huo. Maji hayo yanafanana na maji ya kawaida kabisa, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua.

Hatua ya nne. Pasha mafuta moto kidogo, yawe vuguvugu na yasiwe na mabonge. Mimina maji ya kostiki polepole ndani ya mafuta, huku mwenzako akikoroga.

Hatua ya tano. Korogeni bila kuacha. Kazi hii huchukua nusu saa, saa moja, au zaidi. Mchanganyiko utakuwa mzito kama uji wa mtoto. Ukiinua mwiko, matone yataacha alama juu kabla ya kuzama. Hapo mchanganyiko uko tayari.

Hatua ya sita. Mimineni ndani ya sanduku. Funikeni kwa ubao, kisha kwa gunia, ili joto libaki ndani. Acheni siku 1 au 2.

Hatua ya saba. Vaeni glavu tena. Toeni sabuni, muikate miche. Panga miche juu ya chanja mahali pakavu penye upepo na kivuli, kila mche mbali na mwenzake. Acheni wiki 4. Katika muda huo kostiki humaliza kazi yake, na sabuni hukauka ikawa ngumu. Kutoka katika mafuta kilo 5 mtapata sabuni kilo 6 hivi.

Kama sabuni ina maji yanayotoka ndani, au chembe nyeupe ngumu katikati, msiitumie na msiiuze. Kostiki haikuchanganyika vizuri.

MTU AKIUNGUA

Kostiki ikimwagika mwilini, vua nguo iliyolowa na mimina maji mengi safi hapo hapo kwa muda wa dakika 20 au zaidi. Usipake siki, ndimu, mafuta wala dawa ya meno.

Ikiingia jichoni, fungua jicho na umimine maji safi polepole kwa dakika 30. Kisha nenda zahanati mara moja, hata kama maumivu yamepungua.

Mtoto akiinywa, usimtapishe. Kostiki ikirudi juu itaunguza mara ya pili. Msukutue kinywa kwa maji. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe maji kidogo tu. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue chombo cha kostiki mganga akione.

Njia bora ni kuzuia. Usiweke kostiki katika chupa ya soda wala kikombe. Iache katika chombo chake, kiwe kimefungwa, ukifungie juu mahali ambapo mtoto hafiki.

JE, SABUNI HII HUOZA?

Ndiyo. Sabuni ya mafuta ya mimea ni chakula cha vijidudu vidogo sana wanaoishi katika udongo. Vijidudu hao huila sabuni, wakaivunja, ikabaki maji na hewa. Hilo ndilo tunaloita kuoza.

Si kila kitu cha kufulia kilikuwa hivyo. Baada ya vita vya pili vya dunia, viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kuuza sabuni nyingi za unga zilizotokana na mafuta ya petroli. Chembe zake zilikuwa na matawi mengi, na vijidudu wakashindwa kuzivunja upesi. Katika miaka ya 1950 mito ilifunikwa na milima ya povu. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1961 ya kukataza sabuni zisizooza, nayo ikaanza kufanya kazi mwaka 1964. Viwanda vya Marekani vilibadili sabuni zao mwaka 1965. Tangu hapo sabuni nyingi za unga hutengenezwa kwa chembe zilizonyooka, ambazo vijidudu huzivunja kwa urahisi zaidi.

Basi tusidanganyane kwamba kila sabuni ya unga ni sumu na kila sabuni ya mimea haina madhara. Sabuni yoyote inahitaji muda wa kuoza, na vijidudu wanahitaji hewa ili kuifanya kazi hiyo. Ikimwagwa ziwani, huanza kudhuru viumbe wa majini kabla haijaoza. Na vijidudu wakiila ndani ya maji, hutumia hewa ambayo samaki wanaihitaji. Zaidi ya hayo, baadhi ya sabuni za unga huwa na fosfeti. Fosfeti ni mbolea. Huongezea chakula mwani, yaani ule uchafu wa kijani unaoelea juu ya maji.

MFANO WA UHABESHI

Mfano mmoja kutoka nchi nyingine utatusaidia kuelewa. Huko Uhabeshi kuna mmea unaoitwa endodi. Tangu zamani wanawake walisaga matunda yake makavu wakafulia nguo, kwa sababu hutoa povu kama sabuni. Mwaka 1964 mtaalamu wa nchi hiyo, Aklilu Lemma, alikuwa katika mji wa Adwa akichunguza ugonjwa wa kichocho. Aliona kwamba penye watu wanaofua kwa endodi, konokono wengi walikuwa wamekufa majini. Akachunguza, akakuta kwamba povu la mmea huo ndilo linalowaua. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo.

Habari hiyo ni njema, maana konokono ndio wanaobeba kichocho. Lakini povu hilo huua samaki pia. Basi tusiseme, "Hii inatokana na mmea, haiwezi kudhuru." Kitu cha mmea nacho kinaweza kuwa dawa, na kinaweza kuwa sumu. Inategemea kimetumiwa wapi na kwa kiasi gani.

KICHOCHO HAKIOGOPI MCHE WA SABUNI

Usidhani kwamba sabuni unayofulia ziwani itakukinga na kichocho. Ziwa litaichukua sabuni yako kwa dakika chache, na wadudu wa kichocho wataendelea kuwapo. Wadudu hao hutoka katika konokono, hasa mchana jua linapokuwa kali. Hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Mfuaji husimama majini muda mrefu, naye mara nyingi yuko na mtoto wake. Baada ya muda mtu huumwa tumbo, huhara damu au hukojoa damu. Ugonjwa ukikaa miaka mingi huharibu ini au kibofu. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli. Lakini mtu aliyetibiwa akirudi kufulia majini ataambukizwa tena.

Ziko njia rahisi za kujikinga:

1. Teka maji, ukafulie nyumbani kwa beseni au karai.
2. Weka maji ya kufulia katika pipa lenye mfuniko kwa siku 2 nzima, bila konokono ndani. Wadudu wa kichocho watakufa. Maji ya kunywa yachemshe.
3. Kila mtu ajisaidie chooni. Mayai ya kichocho hutoka katika choo na mkojo wa mgonjwa.

MAJI YA MAPOVU YAENDE WAPI?

Yamwage penye udongo, mbali na ziwa, kisima na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa. Shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu ukingo hazitakiwi humo. Tuufanye umbali huo kuwa kipimo chetu cha kufulia pia. Hatua ndefu 60 za mtu mzima ni karibu mita 60.

Unaweza kumwagia migomba au miti. Usimwagie mchicha wala mboga zinazoliwa mbichi. Badilisha mahali mara kwa mara, maana sabuni nyingi mahali pamoja huchosha udongo. Usiache dimbwi, mbu watazaliana. Kama mnafua wengi mahali pamoja, chimbeni shimo na kulijaza mawe, maji yazame polepole. Maji yaliyofulia nepi za mtoto yamwage chooni.

TUANZE

Mwaka 1973 wananchi wapatao milioni 2 wa Tanzania walijiunga na vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, walisoma vitabu, wakajadiliana. Kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Elimu yao ilionekana kwa macho.

Sisi nasi tunaweza kufanya hivyo. Kikundi cha watu kumi kinaweza kununua mafuta na kostiki kwa pamoja. Kinaweza kujenga jukwaa la kufulia lenye shimo la mawe, mita 60 kutoka majini. Kubeba maji mpaka hapo ni kazi ngumu, na mara nyingi kazi hiyo humwangukia mama peke yake. Basi wanaume na vijana nao wabebe ndoo. Nguo zinazofuliwa ni za nyumba nzima, na kichocho hakichagui mwanamume wala mwanamke.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini sabuni huitwa mshenga kati ya maji na mafuta?
2. Kati ya maji na kostiki, ni kipi hutiwa ndani ya kingine? Kwa nini?
3. Lita 5 za mafuta zina uzito gani? Kwa nini tupime kwa mzani?
4. Mtoto wa jirani amekunywa maji ya kostiki. Utafanya nini? Usifanye nini?
5. Endodi ni mmea. Kwa nini basi isimwagwe ziwani ovyo?
6. Pimeni hatua 60 kutoka mahali mnapofulia sasa. Mmefika wapi? Je, panafaa kujenga jukwaa la kufulia?